Mwongozo kamili wa kushea mafaili nyumbani bila flashi na bila kula bando

Flashi yangu ya mwisho ilikufa kifo cha aibu. Niliichomeka kwenye kompyuta ya stationari moja mjini nikaprinti karatasi mbili tu, narudi nyumbani Nyegezi, hapa Mwanza, naichomeka kwenye laptopu nakuta mafolda yote yamegeuka shotikati, picha za sendofu ya mteja hazionekani, na mteja mwenyewe anapiga simu "kaka vipi, video lini?" Mafaili yalikuwepo, kirusi kilikuwa kimeyaficha tu, ila jasho lililonitoka siku ile ndo lilinikalisha chini niseti mtandao wa pale nyumbani kama mtu mzima. Nimejaribu karibu kila njia, nyingine nimezitupa, hapa naweka zile zilizobaki na namna ya kuchagua ya kwako kabla hujaanza kupakua maapu hovyo.

Kwetu tuko hivi. Mimi nina laptopu ya Windows ya kuedit video za harusi, mke wangu anauza vitenge kwa oda na simu yake ya Android imejaa picha mpaka inalia, mdogo wangu anasoma chuo cha SAUT na laptopu yake ameweka Linux badala ya Windows kwa sababu anapenda shida, halafu watoto wana TV.

Waifai sio bando

Hapa tuelewane kwanza maana ndo watu wengi wanaogopa bure. Ruta ina kazi mbili tofauti: kukutoa nje kwenye intaneti, na kuunganisha vifaa vya ndani vyenyewe kwa vyenyewe. Bando likiisha, ile kazi ya kwanza inakufa, ya pili inaendelea kama kawaida. Faili likitoka kwenye laptopu kwenda kwenye simu kupitia ruta halijatoka nje ya nyumba, hakuna MB hata moja iliyokatwa. Watu wanatumiana video ya MB 300 WhatsApp wakiwa wamekaa kochi moja, inapanda mpaka kwenye seva huko majuu inashuka tena, bando linakatwa mara mbili na video yenyewe imebanwa imekuwa ukungu.

Hata ruta sio lazima. Hotispoti ya simu ya Android inatosha, simu moja iwashe hotispoti, nyingine na laptopu ziungane nayo, tayari una mtandao wa nyumbani. Ila zima data kabla hujaunganisha laptopu, Windows ikiona intaneti huwa inajisasisha yenyewe kimya kimya na utashangaa bando la wiki limeenda wapi.

Usianze na apu, anza na faili

Kila mtu anauliza apu gani nzuri. Mi nakwambia angalia faili lenyewe kwanza: linapita tu, au linakaa sehemu moja watu walifuate, au linatakiwa liwe sehemu mbili kila siku bila mtu kukumbuka? Ukishajibu hapo, kazi imebaki ndogo.

Halafu pima uzito. Harusi moja ya kamera mbili kwangu inafika kama GB 40. Kwa waifai ya 2.4 GHz ya kwetu ikiwa na siku nzuri napata kama MB 5 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya masaa mawili kwa harusi moja. Kwa waya wa spidi ya 100 (hizo ni megabiti, sio MB) unapata kama MB 11, inakuwa saa moja. Kwa waya wa giga, yaani megabiti 1000, unafika MB 100 hivi kama diski zako zinaweza, dakika saba. Na eksteno (diski ya nje) nzuri ya USB 3 nayo dakika saba. Kwa hiyo kama ni GB 40 mara moja tu kwa mwezi, bro chukua eksteno tembea nayo chumba cha pili, usijitese. Mtandao unalipa pale kitu kinapojirudia.

Kuna jambo la waifai watu hawalifikirii: kama laptopu mbili zote ziko kwenye waifai, faili linapita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwenye ruta halafu kutoka kwenye ruta kwenda kwa mwenzake, kwa hiyo spidi inagawanyika karibu nusu. Ukiichomeka moja tu kwa waya, utaona tofauti hapo hapo. Na sisi tunaoishi vilimani Mwanza tuna adui mwingine, mawe. Nyumba yetu imeegemezwa kwenye jiwe, chumba cha nyuma jiwe ndo ukuta, waifai inafika mlangoni pale inasalimia inarudi. Nilihamisha ruta kutoka chini ya meza ya TV nikaipandisha juu ya kabati la koridoni, hiyo peke yake ilinisaidia kuliko mambo mengi niliyosoma.

Nikaona bora nivute waya. Fundi akaja akavuta vizuri, akapiga vichwa, akalipwa akaenda. Spidi inagoma kwenye 100 wakati vifaa vyote ni vya giga. Nikahangaika siku mbili mpaka nikakikagua kile kichwa cha waya kwa tochi ya simu: ndani kuna nyaya nane, yeye amepiga nne tu, zilizobaki amezikata kabisa. Spidi ya 100 inahitaji nne tu ndo maana ilikuwa inafanya kazi, giga inahitaji zote nane. Kwa hiyo fundi akimaliza usiangalie kama intaneti ipo tu, nenda kwenye setingi za Windows, Network, Ethernet, tafuta "Link speed", ikiandika 1000 mpe soda, ikiandika 100 mrudishe kwenye ngazi (ila hakikisha kwanza na matundu ya ruta yako ni ya giga, ruta nyingi za bei chee ni 100 tu).

Kama linapita tu: LocalSend

Hii ndo ninayotumia kila siku. Ni ya bure, haina matangazo, ipo Android, iPhone, Windows, Mac na Linux, na haihitaji intaneti ikishawekwa. Zamani tulikuwa na Xender na wenzake, mi nimeziacha kwa sababu ya matangazo na kwa sababu upande wa kompyuta zilikuwa zinanisumbua.

Weka apu kwenye vifaa vyote viwili, hakikisha viko kwenye waifai moja, fungua kote kote. Kila kifaa kinajipa jina la ajabu, mara embe zuri mara chungwa sijui nini kwa Kiingereza, watoto wanacheka sana. Kwenye kifaa kinachotuma ingia sehemu ya kutuma, chagua faili, gusa jina la mwenzake, mwenzake akubali. Imeisha. Ikiuliza ruhusa mara ya kwanza kwenye Windows, ile ya faiawoli (mlinzi wa mtandao wa Windows), kubali kwa mtandao wa "Private".

Mama mkwe alivyokuja kutoka Sengerema alitaka picha za mjukuu zote, na mama akisema zote ni zote, zilikuwa kama mia sita. Sikumwambia habari za bando. Nikamwekea apu, nikamwambia "mama gusa hapo palipoandika Accept", akagusa, akakaa anaziangalia zinavyoingia moja moja. Picha za WhatsApp alizokuwa nazo mwanzo za siku ile ile zilikuwa na ukungu, akauliza kwa nini hizi zimekuwa nzuri.

Kama wote mna Android basi hata LocalSend sio lazima, Quick Share ipo ndani ya simu tayari. Wenye iPhone na Mac wana AirDrop, hao waendelee na maisha yao.

Kama linakaa: folda moja ya nyumba

Hapa ndo penye kazi, chukua chai. Wazo ni kwamba kompyuta moja inabeba folda, wengine wote wanaifungua kutoka walipo, iwe kwa simu, laptopu au TV. Nitaeleza kwa Windows 10 na 11 maana ndo wengi wanayo.

Kwanza kabisa, mwambie Windows kwamba hapa ni nyumbani. Setingi, Network & internet, gusa jina la waifai yako, chagua "Private network". Ikibaki "Public" laptopu inajificha na utahangaika mpaka asubuhi. Ukienda hoteli au chuo, huko iache Public, usibadilishe.

Pili, washa kushea. Andika "advanced sharing settings" kwenye sehemu ya kutafuta, upande wa Private washa "Network discovery" na "File and printer sharing". Kuna sehemu inasema "Password protected sharing", hiyo ukikutana na video zinazosema zima, usizime. Nyumba nyingi za kupanga wapangaji wanachangia ruta moja, mnaishi sita mnalipa pamoja, maana yake jirani wa chumba namba nne yuko kwenye mtandao wako wa nyumbani. Ukizima paswedi umemwachia mlango wazi, na Windows 11 Pro za karibuni kwa chaguo-msingi zinakataa kuingia kama mgeni asiye na paswedi, kwa hiyo hata hautafaidika.

Tatu, tengeneza mtumiaji wa kushea tu. Hapa ndo watu wengi wanakwama: wanaingiza PIN yao ile ya namba nne ya kufungulia laptopu, inakataa, wanaingiza tena, inakataa. PIN haifanyi kazi kwenye mtandao, ni ya kifaa hicho tu. Na akaunti isiyo na paswedi kabisa Windows hairuhusu iingie kutoka kwenye mtandao. Suluhisho langu ni kutengeneza akaunti mpya isiyohusiana na barua pepe. Tafuta "cmd", raiti kliki, "Run as administrator", halafu andika:

net user nyumbani * /add

Itauliza paswedi mara mbili, ukiandika herufi hazionekani, sio kwamba kibodi imekufa, andika tu ubonyeze enta. Tengeneza na nyingine hivyo hivyo uiite "watoto", nitakwambia kwa nini.

Nne, folda. Itengeneze kwenye D au moja kwa moja ndani ya C, usiiweke desktopu, maana ukishea kitu kilicho ndani ya folda la Users njia yake inakuwa ndefu na ya kuchanganya. Mi yangu ni D, NYUMBANI. Raiti kliki, "Properties", "Sharing", bonyeza kitufe cha "Share…", andika nyumbani, "Add", mpe "Read/Write". Ongeza watoto, mpe "Read" tu. Kuna kitufe kingine pale chini cha "Advanced Sharing", kiache, hicho kinatoa ruhusa ya mtandao lakini hakigusi ruhusa ya folda lenyewe, ndo unapata ile folda unayoiona lakini ukiifungua inakataa.

Tano, ijue anwani ya laptopu. Kwenye ile cmd andika ipconfig, tafuta mstari wa "IPv4 Address", itakuwa kitu kama 192.168.1.20. Namba hii ruta inaweza kuibadilisha siku yoyote, kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP, tafuta "Address Reservation" uifunge laptopu yako kwenye namba hiyo hiyo. Kama ruta ni ya mwenye nyumba na paswedi yake hakuna mtu anayeijua, tumia jina la kompyuta badala ya namba, mara nyingi linakubali.

Sita, fungua kutoka upande wa pili. Kwenye Windows nyingine fungua folda lolote, pale juu kwenye anwani andika \\192.168.1.20\NYUMBANI, ikiuliza jina weka nyumbani na paswedi yake. Ikigoma, tanguliza jina la kompyuta yenye folda, mfano LAPTOPU\nyumbani. Kwenye Linux mdogo wangu anabonyeza Ctrl na L anaandika smb://192.168.1.20/NYUMBANI. Kwenye iPhone fungua apu ya Files, vidoti vitatu, "Connect to Server". Kwenye Android tumia Cx File Explorer, sehemu ya Network, ongeza SMB (ndo lugha kompyuta zinayotumia kusheana mafolda). Kwenye TV ya Android weka VLC, nayo inaiona folda, ingia kwa ile akaunti ya watoto.

Sasa kwa nini akaunti ya watoto. Mwanzo wote tulikuwa tunatumia moja. Siku hiyo mwanangu wa miaka sita ameshika simu ya mama yake, anafuta katuni alizozichoka ili "nafasi iwepo", kumbe alikuwa ndani ya folda ya mtandao, akafuta na folda la pembeni lililokuwa na vipande vya video ya kipaimara. Nikakimbilia Recycle Bin, tupu. Kitu ukikifuta kupitia mtandao hakipiti kwenye pipa, kinaondoka moja kwa moja. Nilikuwa na kopi kwenye eksteno, asante Mungu, lakini tangu siku hiyo watoto ni kusoma tu. Na usidhani folda ya kushea inafanya kazi ya hiyo eksteno ya kutunza kopi, faili lililo sehemu moja ni faili moja hata kama linaonekana kwenye simu kumi.

Mwisho kwenye sehemu hii, izuie laptopu isilale ikiwa kwenye chaji, setingi za Power, "sleep" weka "Never" upande wa chaji. Ikilala, folda inapotea kwa wote, na utaitwa uko jikoni uje kuangalia "mtandao umekufa".

Wenye Mac nendeni Setingi, General, Sharing, washeni File Sharing, ndani ya chaguo zake muweke tiki kwenye akaunti itakayotumika na Windows.

Kama linatakiwa sehemu mbili: Syncthing

Hii ni ya picha za vitenge za mke wangu. Yeye anapiga, mi natakiwa nizisafishe kwenye laptopu, na hatuna muda wa kutumiana moja moja. Syncthing inafanya folda la kwenye simu na la kwenye laptopu yafanane yenyewe kila vikikutana kwenye waifai. Apu ya Android ile ya awali ilisitishwa Desemba 2024, tafuta Syncthing-Fork. Unaviunganisha kwa kuskani kodi ya QR, unachagua folda ya kamera, unakubali upande wa pili. Kwenye simu itoe apu kwenye orodha ya kubana betri, la sivyo simu inaiua usiku.

Tahadhari moja kubwa: akifuta kwenye simu, inafutika na kwenye laptopu. Ndo kazi yake hiyo, kufananisha. Kwa hiyo upande wa laptopu ingia kwenye folda lile, "File Versioning", chagua "Trash Can", vilivyofutwa vitabaki kwenye folda iliyofichwa inaitwa .stversions. Bila hiyo usiitumie kwa picha za biashara.

Ikigoma

Mara nyingi ni kitu kidogo. Angalia kama simu iko kwenye waifai ya wageni, ile "Guest", huko vifaa vimetengwa makusudi havionani. Baadhi ya ruta zina "AP Isolation" kwenye waifai ya kawaida pia, izime. Antivirusi za kununua zina faiawoli yake, nayo inahitaji kuambiwa.

Ukiwa na ruta ya zamani yenye tundu la USB au kidude cha TV cha kale, kinaweza kukudai uwashe SMB1 (toleo la kale la SMB) kwenye Windows. Usiwashe. Hiyo ndo njia ambayo kirusi cha WannaCry kiliingilia Mei 2017 kikafunga kompyuta dunia nzima na kudai hela, na Microsoft walianza kuiondoa kwenye Windows 10 mpya mwaka huo huo. Kidude kikidai SMB1 kichomeke flashi yake kiendelee na maisha. Na usije ukafungua milango ya ruta (port forwarding) ili uifikie folda ukiwa safarini Dar, hata kama kuna mtu anakuonyesha video ni rahisi.

Ukishamaliza, mpe mtu mwingine wa nyumbani ajaribu peke yake, usimwelekeze, kaa mbali. Mke wangu alikwama kwenye mkwaju, ile alama ya \, hakujua ule unaolala kushoto uko wapi kwenye kibodi. Nikaandika anwani yote kwa kalamu nene kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati. Paswedi sikuiandika, hiyo wanaijua kwa mdomo.